Wakitosha Gazi, Maji Inarudia Wapi?

Kama hujafika kwetu Ndosho, ni kartye ya upande wa magharibi ya Goma, komine ya Karisimbi, kando ya barabara ya kwenda Sake. Tunakaa juu ya mawe meusi ya volkano. Kuchimba shimo la choo ni kazi ya majuma, na baramini inapinda. Kisima hakuna. Kuko siku bomba inatoka, kuko siku tunangojea gari la maji, na kuko siku watoto wanashuka mupaka ziwani na bidoni ya lita 20, wengine mugongoni, wenye bahati juu ya chukudu. Maji yale ya ziwa tunayatia dawa ao tunayachemusha, kisha tunakunywa. Nakuambia haya mbele kusudi ujue kwa nini neno la leo linanihusu. Ni neno la gazi ya Ziwa Kivu. Lakini si gazi yenyewe sana. Ni maji.

Wengi wenu munaosoma gazeti hili muko Rubaya, Walikale, Numbi ao kwenye machimbo mengine. Munaweza kusema: ziwa na sisi, kuna nini? Ngojeni kwanza niwaungamie jambo moja.

Nilipokuwa kijana, mbele ya kuoa, nilifanya kazi kwenye kilima kimoja cha koltani katika Masisi. Sikuwa muchimbaji, nilikuwa musafishaji. Munajua kazi ile. Unaweka udongo ndani ya mufereji, unapitisha maji, unakoroga kwa pele, udongo mwepesi unaenda na maji, mawe mazito yanabaki. Kwa mufuko mumoja tu, maji yaliyopita huwezi kuyahesabu. Na yalienda wapi? Yalishuka. Hatukuuliza zaidi. Yalikuwa mekundu na mazito sawa uji.

Siku moja nilishuka chini ya kilima kununua ndizi, nikakuta mama mumoja ameinama kando ya kijito, mutoto mugongoni. Alikuwa amechimba kashimo kadogo ndani ya muchanga pembeni, anangoja maji yachujike, anachota kwa kikombe. Akatazama nguo zangu zimejaa udongo, akaniuliza kwa upole: «Ndugu yangu, kule juu munamalizaka saa ngapi?» Hakunitukana. Alitaka tu kujua saa ya kuja kuchota. Nikajibu: «Saa kumi na moja, mama.» Kisha nikapanda kilima, nikaendelea na kazi ileile miezi minane ingine.

Ndugu, mimi ni mutu wa kanisa, nimeimba katika korali tangu utoto. Na wakati ule wote sikuona kama ni zambi. Nilifikiri kazi yangu ni koltani. Kumbe kazi yangu ilikuwa koltani na maji, na nusu moja ya kazi ile nilikuwa namutupia mama yule.

Sasa turudi ziwani.

Katika mwezi wa Julai 2022 serikali ya Kinshasa ilifungua munada wa vitalu 27 vya petroli na vitalu 3 vya gazi. Vile vitatu vya gazi ni vya Ziwa Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Habari ikaenea Goma upesi. Vijana wakafurahi, na mimi siwalaumu. Mutu aliyesoma, anashinda juu ya jiwe mbele ya nyumba ya papa yake, ukimuambia kuko kazi, ataruka. Na mama zetu wanaopika na makala yanayokatwa katika mbuga ya Virunga, nao wanajua bei ya mufuko. Gazi ile ni mali ya kweli. Chini ya ziwa kuko metani ya karibu kilometa za mraba-tatu 60, yaani sanduku la kilometa moja kila upande, mara sitini. Pamoja nayo kuko gazi karboniki karibu mara tano zaidi.

Kisha watu wa mradi mumoja wakaja kuzungumuza na wakaaji. Jina lao naliacha, halitusaidii. Tulikaa ndani ya sale, wakatuonyesha picha za mutambo, wakasema umeme, wakasema kazi. Wakati wa maswali nikasimama. Nikakumbuka kilima na yule mama, nikauliza: «Mukisha kutosha gazi, maji inarudia wapi?»

Bwana mumoja akajibu bila kufikiri: «Maji inarudia mu ziwa, papa. Ilitoka mu ziwa, inarudi mu ziwa.» Watu wakacheka. Na mimi nikacheka kidogo, nikakaa chini na haya. Mudogo wangu alikuwa kando yangu, akaninong'oneza: «Yaya, utatuharibishia kazi juu ya maji?»

Nilirudi nyumbani nimekasirika, zaidi juu yangu mwenyewe, kwa sababu nilisikia kwamba jibu lile lina upungufu lakini sikujua upungufu uko wapi. Nikaanza kutafuta. Nilisoma, niliuliza watu waliosomea mambo ya ziwa na volkano, na kijana mumoja wa kanisa letu aliyesoma jeolojia alinisaidia na makaratasi ya Kifaransa. Niliyopata nakupa hapa kwa namna niliyoyaelewa.

Chukua chupa ya Fanta ambayo haijafunguliwa. Huoni povu. Gazi iko ndani lakini imekandamizwa na kifuniko. Fungua, inapanda. Ziwa Kivu ni chupa ile, ila halina kifuniko cha chuma. Kifuniko chake ni maji yenyewe. Kina chake kinafika mita 485. Kule chini maji ni ya chumvi, tena yana joto kidogo kupita ya juu, kwa sababu chemichemi za volkano zinaingia kutoka chini ya ardhi. Kwa kawaida maji ya moto yanapanda, sivyo? Lakini haya yana chumvi na karboniki nyingi, yanakuwa mazito, basi yanabaki chini. Juu yake yanalala maji mepesi, tabaka juu ya tabaka, sawa mablangeti. Upepo wa kiangazi unakoroga mita 60 hivi za juu, si zaidi. Yale ya chini yamekaa kule mamia ya miaka.

Sambaza wetu, waliotoka Ziwa Tanganyika na kutiwa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaishi katika tabaka ya juu tu. Chini hakuna pumzi ya samaki. Kuko metani, kuko karboniki, kuko ile gazi yenye harufu ya yai bovu, na kuko amonia na fosfati, ambavyo ni mbolea. Ndiyo, mbolea. Vitu vyote vinavyokufa juu vinaanguka chini kama majani ya kahawa, na vinaoza kule.

Ili kupata gazi, wanateremusha bomba ndefu kutoka chombo kinachoelea. Mwanzo wanavuta kwa pompi. Maji yakipanda, uzito uliokuwa unayakandamiza unapungua, gazi inaanza kutoa povu ndani ya bomba, na povu lile linasukuma maji lenyewe, hata pompi hauna kazi tena. Karibu na juu, gazi inatengwa na maji. Lakini gazi ile imechanganyika, metani na karboniki, basi wanaiosha na maji mengine kusudi karboniki ipungue. Metani inaenda pwani kuzungusha mashini ya umeme.

Na hapa, musomaji wangu, tulia kidogo. Lita moja ya maji ya chini kabisa ina metani isiyofika nusu lita. Maana yake, kwa kila lita moja ya metani unapandisha zaidi ya lita mbili za maji. Wewe uliyesafisha koltani unaelewa mara moja. Jina la kazi ni gazi, lakini kitu kinachopita mikononi, muchana na usiku, miaka na miaka, ni maji. Na maji yale hayafanani na yale watoto wetu wanachota. Yametolewa gazi, lakini chumvi iko, amonia iko, fosfati iko, na harufu ya yai bovu haijaisha yote.

Basi «inarudi mu ziwa» si jibu. Ziwa ni nyumba ya tabaka nyingi. Ukiulizwa mutoto analala wapi, husemi tu «ndani ya kartye».

Tufanye kwamba wanayamwaga juu kabisa, ndio bei nafuu. Mbolea inaingia katika maji ya sambaza, majani ya kijani yanaota, yakioza yanakula pumzi ya samaki. Tena maji yale ni mazito. Hayabaki pale ulipoyaweka, yanazama, na yakizama yanavuruga mablangeti njiani. Hilo la kuvuruga ndilo kubwa kupita samaki, maana mablangeti ndiyo kifuniko cha chupa. Ukiyarudisha chini sana, pale ulipoyatoa, unachanganya maji yasiyo na gazi na yale yenye gazi, na mwenye mutambo anaona faida yake inapunguka. Hapo katikati ndipo kishawishi kinakaa. Maji yaliyotolewa gazi yamepoteza uzito kidogo, basi yana pahali pake, juu kidogo ya pale yalipotoka, ambapo uzito wake unalingana na wa majirani. Yakiwekwa hapo yanatulia. Mwaka wa 2009 wataalamu wa nchi mbalimbali waliandika masharti kwa ajili ya Kongo na Rwanda pamoja juu ya namna ya kutosha gazi hii, na moyo wa masharti yale ni huo: tabaka zisivunjwe, na sehemu ya juu yenye uhai isiguswe. Hata yale maji ya kuoshea gazi, yanatakiwa kuachwa chini ya pahali samaki wanaishi.

Wenzetu wa ng'ambo walianza zamani. Tangu 1963 kiwanda cha pombe cha Gisenyi kiliwasha mitungi yake kwa metani ya ziwa hili kwa miaka mingi. Wazee wa Goma wanakumbuka. Lakini mutambo mukubwa wa kwanza ni KivuWatt, wa kampuni ContourGlobal, upande wa Kibuye, uliofunguliwa rasmi mwaka wa 2016, wa megawati 26. Wao wanavuta maji kwenye mita 355 na wanayarudisha kwenye mita 240. Namba hizi mbili zilinifurahisha kupita picha zote za sale. Kuko wahandisi waliokosoa ile 240, wakasema ni juu mno, kwa sababu tabaka kubwa inayofunika hazina ya gazi iko karibu mita 260. Wengine wanawajibu kwamba vipimo vinafuatwa na mabadiliko ni ya polepole. Mimi si mwamuzi wao. Ila ona: watu wanabishana juu ya namba, kila mutu anaijua, kila mutu anaweza kupima. Sisi tuliambiwa «mu ziwa» tukapiga makofi.

Usifikiri ni shida ya Kivu peke yake. Marekani wanapasua mawe magumu chini sana kwa maji, muchanga na dawa, ili gazi iliyofungwa ndani itoke. Maji yanarudi juu na chumvi kupita ya bahari. Kwa kuwa hayawezi kumwagwa mutoni, wanayasukuma ndani ya visima virefu. Oklahoma walisukuma mengi mupaka ardhi ikaanza kutetemeka. Tarehe 3 Septemba 2016, Pawnee, tetemeko la 5,8. Serikali ya jimbo ikaamuru visima kadhaa vya karibu vifungwe. Na wale ni watu wenye mashini na mainjinia wa kila namna. Walifuata petroli na gazi, maji yakawafuata wao.

Sitaki kukutisha. Goma tumeshatishwa vya kutosha. Munajua habari ya Ziwa Nyos la Kameruni: tarehe 21 Agosti 1986 karboniki ilitoka kwa ghafula usiku, watu karibu 1.700 wakafa. Sisi wa upande huu tunaijua karboniki kwa jina la mazuku. Ni nzito kupita hewa, inajaa ndani ya mashimo asubuhi mbele ya upepo. Mbuzi anaingia haamuki, na mara zingine ni mutoto. Lakini ziwa letu leo halijajaa gazi kiasi cha kujifungua lenyewe. Mwaka wa 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji ikaingia ziwani. Wataalamu walipima, wakakuta tabaka za chini hazikuvurugika. Vipimo vya 2018 navyo vilionyesha metani haiongezeki mbio sawa walivyoogopa mbele. Na kuko jambo ambalo vijana wanaotaka kazi wana haki kulisema: kutosha gazi kwa utaratibu kunaweza kupunguza hatari. Ni kweli. Ukifungua Fanta polepole haimwagiki. Lakini anayefungua ni nani, na mukono wake unatetemeka ao hautetemeki, hilo nataka kujua, maana mwezi wa Mei 2021, volkano ilipotapika tena, nilisimama mbele ya nyumba yangu nikaona muji unapita kwenda Sake na magodoro kichwani. Mama mumoja alikuwa anabeba kuku na redio. Watu waliogopa moto wa chini ya muji, waliogopa na ziwa. Hakuna aliyekuwa na namba yoyote. Tulikuwa na uvumi tu.

Basi nilimuita mudogo wangu. Huyu naye alikuwa ametoka Rubaya, anajua mufereji wa koltani kupita mimi. Nikamueleza habari ya Fanta na mablangeti. Akanyamaza. Kisha akasema: «Kumbe ni lavari moja kubwa tu.» Lavari, ndivyo wanavyoita pahali pa kusafishia. Nikamuambia ndiyo. Akasema: «Na sisi njo tuko chini ya kilima.» Hilo sikumufundisha, alilipata mwenyewe.

Tulikutana na vijana wa korali, jioni tatu, kisha mazoezi ya wimbo. Nilitaka tuandike barua ndefu. Wao wakakataa, wakasema barua ndefu haisomwi. Tukaandika karatasi moja. Swali la kwanza lilikuwa langu, nimelisahihisha: maji mutayavuta kwenye mita ngapi, na mutayarudisha kwenye mita ngapi? La pili: maji ya kuoshea gazi, nayo mita ngapi? La tatu lilitoka kwa mudogo wangu, na ni la mutu wa machimbo kabisa: bomba la kurudisha likipasuka, mutambo unasimama ao unaendelea? Maana sisi tunajua mufereji ukibomoka kazi haisimamaka. La ine: namba zile zitabandikwa wapi, kwa Kiswahili, pahali mutu wa Ndosho anaweza kusoma bila kuomba ruhusa?

Tuliposoma karatasi kanisani kisha ibada, mama mumoja muzee akanyosha mukono. Anauzisha sambaza sokoni tangu nikiwa mutoto. Wavuvi wake wanatoka usiku na taa, na yeye anawangojea pwani asubuhi na mapema. Akasema: «Watoto wangu, mumeandika vizuri. Lakini hamukuuliza: usiku ni nani atapima?»

Tukatazamana. Mimi niliyesafisha koltani miezi minane, niliyejua vizuri kwamba maji machafu kupita yote tuliyaachilia jioni, wakati muzungukaji wa site amekwenda, swali hilo halikunijia.

Tuliongeza la tano. Mama hakutaka tumuandikie. Alichukua Bic, akainama juu ya benchi, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, polepole, watu wakamungoja. Kisha vita ya Januari 2025 ikafika Goma, mikutano yetu ikakatika, na wawili katika vijana wale wamehama, sijui wanaimba kanisa gani. Karatasi iko kwangu, ndani ya Biblia, imekunjwa mara ine. Mukutano mwingine ukiitwa nitasimama nayo. Na wewe musomaji wa Rubaya ao wa Walikale, kama kwenu kuko anayesafisha, chukua maswali yale, badilisha neno gazi tu, mengine yote yanakaa. Leo asubuhi bomba haikutoka. Binti yangu ameshuka ziwani na bidoni ya manjano, na mimi namungojea.